Choo cha paka ndani ya nyumba: mwongozo kwa wakazi wa Dodoma

Maswali yanayonifikia yanafanana mno. Mtu amehamia Dodoma kikazi, amepanga chumba na sebule Nkuhungu, Ilazo au Kisasa, akachukua paka kwa sababu ya panya. Miezi miwili baadaye nyumba inanuka. Mgeni akiingia anakaa ukingoni mwa kochi, mwenye nyumba ameshauliza mara mbili, na yeye mwenyewe keshamaliza makopo ya marashi ya kupulizia. Anauliza: dawa gani inaua harufu ya paka?

Nimeandika hapa yote ninayowajibu. Ninafuga paka wawili ndani, na haya ndiyo ninayoyafanya kila siku.

Elewa kwanza jambo moja, kisha tuingie kazini. Harufu kali unayoisikia ni mkojo uliobaki mahali. Mkojo ukikaa, vijidudu huvunja urea iliyomo na kutoa amonia, ile inayochoma pua na macho. Ukiutoa mkojo kabla haujafikia hapo, huna cha kuua. Ukiuacha, marashi yatakuongezea harufu ya pili juu ya ile ya kwanza, na paka, ambaye pua yake ni kali kuliko yako mara nyingi, ataanza kulikimbia beseni la mchanga analojisaidia na kutafuta godoro lako.

Hapa Dodoma tuna msaada ambao jamaa zetu wa Dar es Salaam na Tanga hawana, nao ni hewa kavu. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua karibu hakuna, jua linawaka, mchanga uliolowa asubuhi unakauka kabla ya adhuhuri. Kilicho haba ni maji. Ndiyo maana njia hii inategemea jua na mchanga, na maji yake hayazidi nusu ya ndoo ndogo kwa kila usafi.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUANZA

Mabeseni mawili ya plastiki yanayofanana. Moja linatumika, jingine linaanikwa juani. Watu wengi hununua moja tu, na hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu siku ya kuosha paka hana pa kwenda. Urefu wa beseni uwe walau mara moja na nusu ya urefu wa paka wako, kutoka puani hadi mkia unapoanzia. Kwa paka mzima chukua beseni kubwa la kufulia, lenye upana wa sentimita 60 hivi na kuta za sentimita 15 hadi 20. Yapo tele soko la Majengo na Sabasaba. Usichukue la bati, litashika kutu. Ukiwa na paka zaidi ya mmoja, kanuni ni idadi ya paka na beseni moja la ziada: paka wawili, mabeseni matatu yanayotumika.

Kichoteo chenye matundu. Si lazima cha dukani. Chukua dumu la lita 5 lililokwisha, kata pembe yake pamoja na mshikio ili upate kijiko kipana, kisha toboa matundu kwa msumari uliopashwa moto. Changu kina mwaka wa pili sasa.

Ndoo ndogo yenye mfuniko unaobana, ya kuwekea uchafu wa siku. Mfuniko ukiwa umelegea, nzi watakuambia.

Chekeche. Kipande cha wavu wa dirishani kilichogongelewa kwenye fremu ya mbao kinatosha.

Kiroba kitupu au mkeka wa plastiki wa kutandika chini ya beseni.

Siki nyeupe, sabuni, brashi ambayo haitafanya kazi nyingine yoyote, na glavu.

Magazeti ya zamani ya kufungia uchafu. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo usipange kuitegemea. Gazeti linafunga vizuri, na mfuko mtupu wa saruji ukiupata ni bora zaidi.

UWEKE NINI NDANI YA BESENI

Paka kwa asili hupenda kitu chenye chembe laini, kinachofukulika, kisicho na manukato. Ukikumbuka hilo hutapotea.

Mchanga. Jiji linajengwa kila kona, kwa hiyo hakuna mtaa usio na lundo la mchanga wa korongoni. Muombe msimamizi wa ujenzi ndoo moja, usichote kimyakimya. Chagua mchanga wenye chembe ndogo, usio na udongo mwekundu. Udongo wetu ule ukilowa unaganda kwenye nyayo za paka, na sakafu nzima itaandikwa.

Maranda. Haya hunywa mkojo vizuri na hutolewa bure au kwa pesa ndogo na mafundi seremala. Lakini uliza kwanza mbao zenyewe. Mbao nyingi za kenchi huchovywa dawa ya kuzuia mchwa, na utaziona zimeshika rangi ya kijani. Dawa hizo huwa na shaba, na baadhi zina kromi na aseniki. Paka hulamba nyayo zake kila saa, hivyo chochote kilichomo kwenye maranda kitaingia tumboni. Chukua maranda ya mbao zisizo na dawa tu, na uache ule unga laini wa msumeno, maana unawapigisha chafya paka na watu pia.

Maganda ya mpunga. Ukiwa na ndugu Bahi, mashine za kukoboa zinayamwaga. Ni mepesi, upepo kidogo tu yanaruka, na hayanywi haraka kama maranda. Ni chaguo la tatu.

Mchanga wa dukani unaoganda. Huu hutengenezwa kwa udongo wa bentonaiti, ukilowa unakuwa bonge unalolichota zima. Unafanya kazi nzuri kweli, ila bei yake si ya kila mtu. Ukiununua, chagua usio na manukato. Usimpe mtoto wa paka aliye chini ya miezi mitatu, kwa sababu watoto hulamba na kumeza, na mchanga huu huvimba ukikutana na maji.

Kuna kitu kimoja nataka nikikatae kwa sauti kubwa, nacho ni jivu. Nililitumia mwezi wangu wa kwanza. Nyumbani kijijini tulikuwa tukimwaga jivu kwenye choo cha shimo na harufu inatulia, nikaona ni akili ileile. Siku ya tatu nilishindwa kukaa sebuleni. Baadaye nilielewa kwa nini: jivu lina nguvu za magadi, na mkojo ukikutana na kitu cha namna hiyo, amonia iliyojificha ndani yake hufukuzwa itoke hewani kwa wingi. Juu ya kinyesi kikavu jivu husaidia kwa kukausha. Juu ya mkojo huamsha. Tena likilowa linachoma ngozi ya nyayo. Chokaa na magadi yana tabia hiyohiyo, usiyaweke. Bekingi soda ni pole zaidi, na kijiko kimoja chini kabisa hakimdhuru paka, lakini faida yake ni ndogo kuliko inavyosifiwa. Mimi nimeiacha.

Ninachotumia mwenyewe ni maranda chini na mchanga juu, kama nitakavyoeleza.

HATUA KWA HATUA

1. Tayarisha mchanga. Chekecha kuondoa kokoto na vijiti. Tandaza kwenye turubai juani, unene wa vidole viwili, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, ukiugeuza mara moja. Ukishakauka, uhifadhi kwenye ndoo au pipa lenye mfuniko. Usiuache kwenye kiroba wazi uani: nge wanapenda mahali pakavu pa kujificha, na paka wa jirani atauona kuwa ni choo chake. Ndoo ya lita 20 inatosha kubadilisha mara mbili au tatu kwa beseni moja.

2. Chagua mahali. Paka anataka pakimya, panapomwezesha kuona anayekuja, na mbali na chakula chake. Usiweke beseni kando ya bakuli la maji, wala nyuma ya mlango unaogongwa kila mara. Kwa chumba na sebule, kona ya sebule au veranda iliyozibwa kwa wavu inafaa. Jikoni hapana.

Sasa fikiria upepo. Upepo wa Dodoma kwa sehemu kubwa ya mwaka hutoka mashariki. Beseni likiwa upande wa mashariki wa nyumba, kila dirisha ukilifungua upepo unasomba harufu na kuipitisha vyumba vyote. Likiwa upande wa magharibi, karibu na dirisha, upepo unaingia safi na kutoka na harufu. Kabla ya kuamua, funga uzi au kipande cha karatasi dirishani uone kinaelekea wapi, kwa sababu majengo ya jirani hupinda upepo. Beseni lisikae kwenye mkondo wenyewe, la sivyo vumbi la mchanga litaruka. Hatua moja au mbili pembeni mwa dirisha panatosha.

3. Panga beseni. Tandika kiroba chini, weka beseni juu yake. Mimina maranda unene wa vidole viwili, kisha mchanga mkavu unene wa vidole viwili. Kwa jumla upate sentimita 6 hadi 7. Mchanga mtupu haugandi: mkojo hupita moja kwa moja ukatuama chini, na hapo ndipo uvundo unapozaliwa. Maranda yaliyo chini yanaunywa kabla haujatuama, na mchanga wa juu unampa paka kitu cha kufukua. Usijaze kupita hapo. Mchanga mwingi hauongezi usafi, unaongeza uzito tu.

4. Mwonyeshe paka. Kwa mtoto wa paka, mweke ndani ya beseni kila akiamka na kila akimaliza kula. Mwache afukue mwenyewe, usimshike mikono na kumlazimisha. Kuta ziwe fupi, sentimita 5 hadi 8 kwenye mlango wake. Unaweza kukata upande mmoja wa beseni kwa kisu cha moto na kulainisha ukingo. Kwa paka mzima aliyezoea nje, mfungie kwenye chumba kimoja pamoja na beseni siku chache, na uchanganye konzi moja ya udongo wa pale alipokuwa akijisaidia. Akikosea, usimpige wala kumsugua pua kwenye mkojo. Hataelewa kosa, ataelewa kwamba wewe ni wa kuogopwa, na ataanza kujisaidia mafichoni.

5. Chota mara mbili kwa siku. Hii ndiyo hatua inayobeba kazi yote. Paka huwa na shughuli nyingi alfajiri na magharibi, kwa hiyo chota kabla hujaenda kazini na tena kabla ya kulala. Hapa Dodoma kuna sababu ya ziada ya kuwahi asubuhi: doa la mkojo likiwa bichi linaonekana jeusi juu ya mchanga, ila kwa ukavu wa huku, baada ya saa chache linafifia na hulioni tena. Umedhani beseni ni safi kumbe mkojo umekauka ndani. Chota doa lote hadi chini pamoja na maranda yaliyolowa, kisha jazia palipopungua. Kinyesi kinatoka chenyewe kwa kichoteo chenye matundu. Dakika tatu zinatosha.

6. Tupa mahali panapofaa. Funga kwenye gazeti, weka ndani ya ndoo yenye mfuniko, toa siku ya gari la taka. Ukiwa na uwanja wako, chimba shimo la nusu mita, mbali na kisima na mbali na tuta la mchicha au matembele, fukia kila unapoweka. Usimwage chooni. Kwenye choo cha kuvuta, mchanga hutulia kwenye bomba. Kwenye choo cha shimo au tangi la maji taka, unajaza mapema na kulipia gari la kunyonya kabla ya wakati.

7. Badilisha vyote. Kwa paka mmoja, mwaga kila kitu kila baada ya siku tatu au nne. Mchanga wa dukani unaoganda unaweza kwenda wiki mbili hadi nne, mradi unachotwa kila siku. Watu huniuliza kama wanaweza kuuanika mchanga uliotumika na kuurudisha. Hapana. Jua linaondoa maji na kuacha chumvi za mkojo na mayai ya vimelea humohumo.

8. Osha na anika. Vaa glavu. Sugua beseni kwa sabuni na maji lita moja, mwaga. Kisha tia kikombe cha siki na kikombe cha maji, zungusha, acha dakika 15 hadi 20. Maji yetu mengi hapa mjini ni ya visima vya Mzakwe na yana chumvi, utaiona kwenye sufuria ya chai. Chumvi hiyo hushikana na ya mkojo ikafanya ukoko mweupe mkavu chini ya beseni, na ukoko huo ndio unaobaki unanuka hata baada ya sabuni. Siki inauyeyusha. Suuza kwa lita moja mara mbili, kisha weka beseni juani, mdomo ukielekea jua, kuanzia saa nne hadi saa tisa. Wakati huo beseni la pili lipo kazini. Usiliache juani wiki nzima, plastiki inapasuka. Na likishakuwa na mikwaruzo mingi, linunulie mbadala, kwa sababu mikwaruzo ndiyo nyumba ya harufu.

ONYO KUHUSU DAWA ZA USAFI

Hapa naomba usiruke mstari.

Usimwage jiki juu ya mkojo. Jiki ikikutana na amonia hutoa gesi inayounguza mapafu, na bafu dogo lisilo na dirisha ni mahali pabaya mno pa kujifunzia hilo. Jiki na siki navyo visikutane kamwe. Ukitaka lazima kutumia jiki, osha kwanza kwa sabuni hadi mkojo uishe wote, suuza, ndipo utumie jiki iliyozimuliwa, na usuuze tena.

Dawa zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini, Dettol ikiwa mojawapo, zisiguse beseni wala sakafu anayopita paka. Ini la paka haliwezi kuzivunja kemikali za aina ya fenoli zilizomo kama letu linavyoweza. Vidonge vyeupe vya naftalini vya kabatini ni sumu kwake pia, na mafuta ya karafuu vilevile. Harufu ya malimao na machungwa haimuui, lakini paka wengi hawaipendi, na ukilipaka beseni sabuni ya limau usishangae akilikataa.

KAMA KUNA MJAMZITO NYUMBANI

Swali hili huja na hofu kubwa, na nimeona paka wakitupwa porini kwa ajili yake. Kuna kimelea kiitwacho toksoplazma ambacho kinaweza kutoka kwenye kinyesi cha paka na kumdhuru mtoto aliye tumboni. Ni kweli na ni jambo zito. Lakini paka aliyeambukizwa hutoa mayai ya kimelea hicho kwa wiki moja hadi tatu hivi, kwa kawaida mara moja katika maisha yake, na mayai hayo yanahitaji siku moja hadi tano nje ya mwili ndipo yaweze kuambukiza. Beseni linalochotwa kila siku halikipi kimelea nafasi hiyo.

Kwa hiyo: mjamzito asichote, afanye mtu mwingine. Kama hana mtu, avae glavu na anawe kwa sabuni baadaye. Paka apewe nyama na samaki waliopikwa, asipewe mbichi. Na nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa ni njia nyingine za kimelea hichohicho, hivyo kumfukuza paka huku unakula mishikaki yenye damu hakujakulinda.

PALIPOMWAGIKA NJE YA BESENI

Mkojo mbichi: weka matambara makavu na ukandamize, usisugue. Mimina maji baridi kidogo, kausha. Kisha siki na maji nusu kwa nusu, acha dakika kumi, kausha tena. Sakafu ya saruji isiyo na vigae hunywa mkojo, kwa hiyo rudia siku mbili tatu mfululizo na uache madirisha wazi. Kwenye terazo au marumaru usitumie siki, inakula mng'aro. Tumia sabuni na maji. Godoro litolewe juani siku nzima baada ya siki, upande uliolowa ukitazama juu.

Kutafuta doa usiloliona, piga magoti na unuse asubuhi mapema, kabla hujafungua madirisha. Sijapata njia nyingine iliyo bora.

MAMBO YAKIENDA KOMBO

Nyumba ilikuwa haina harufu, mvua za Desemba zimeanza na sasa inanuka. Hili huwapata wengi, hasa waliokuja kiangazi. Mkojo uliokuwa umekauka kwenye sakafu, kiroba au kona ya ukuta huamka hewa ikipata unyevu. Badilisha kiroba, pitia sakafu nzima kwa siki, na wakati wa mvua badilisha mchanga kila siku mbili. Mchanga wa akiba uanike kabla ya msimu. Jaza pipa mwezi Novemba.

Anakojoa pembeni mwa beseni, mwili ukiwa ndani. Beseni ni dogo au kuta ni fupi. Nunua kubwa zaidi.

Alikuwa anatumia, sasa amekataa. Jiulize umebadilisha nini wiki hii: sabuni, mahali, aina ya mchanga? Ukitaka kubadilisha mchanga au maranda, fanya polepole kwa siku 7 hadi 10, ukichanganya kipya kidogo kidogo. Kama wapo paka wawili, chungulia kama mmoja anamvizia mwenzake akitoka. Tenganisha mabeseni, yasikae kona moja.

Paka dume anapuliza mkojo ukutani, amesimama, mkia ukitetemeka. Hapo anaweka alama ya eneo lake, na harufu yake ni kali kuliko ya mkojo wa kawaida. Beseni halitamaliza tatizo hilo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo ahasiwe akiwa na miezi mitano au sita. Wengi huacha au hupunguza sana. Nakusihi usimwachie mtu wa mtaani mwenye wembe. Paka lazima apewe dawa ya usingizi.

Anaingia beseni mara kwa mara, anajikamua, analia, mkojo hautoki. Kwa dume hasa, hii ni dharura. Njia ya mkojo inaweza kuwa imeziba, na paka hufa ndani ya siku moja au mbili. Usisubiri Jumatatu. Mtafute daktari wa mifugo saa hiyohiyo.

Kinyesi kinanuka kupita kiasi au ni cha maji. Angalia chakula. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wazima, hata kama wanayanywa kwa hamu. Mnyime wiki moja uone. Ikiendelea, mpe dawa ya minyoo kwa kipimo cha daktari kulingana na uzito wake.

Mchwa wameingia kwenye maranda. Umeyaweka juu ya udongo au kwenye ukuta wenye nyufa. Hifadhi kwenye ndoo juu ya matofali, na usiweke dawa ya mchwa karibu na beseni.

Mchanga umetapakaa nyumba nzima. Tandika kipande cha zulia gumu au mkeka mnene mbele ya beseni, urefu wa hatua tatu za paka, ili nyayo zijipanguse. Ukizidi, hamishia beseni ndani ya jingine pana zaidi.

Mtoto mchanga wa binadamu anatambaa na kuufikia mchanga. Weka beseni nyuma ya kizuizi chenye nafasi ndogo ya paka kupita chini, au juu ya meza imara iliyo fupi, kama paka bado anaruka vizuri. Paka mzee mwenye viungo vinavyouma asipandishwe popote. Kwake kata ukuta wa beseni uwe mfupi na umwachie chini, kona iliyofungwa kwa geti la mbao.